Skonzi ya Iliki Uppsala

Katika safari yangu ya Uswidi, kilichonikaa moyoni hadi leo ni skonzi. Mafunzo niliyoitiwa yalikwenda kama yaendavyo mafunzo yote. Chumba cha hoteli, ukifungua begi, hupati pa kukanyaga. Kanisa kuu la Uppsala, lenye minara inayokaribia mita 119, nililitazama huku natembea, maana upepo wa Februari haukuruhusu mtu kusimama. Bustani ya Linnaeus, yule bwana aliyeipa mimea ya dunia majina ya Kilatini, ilikuwa theluji tupu. Na bei! Chakula cha mchana cha kawaida kabisa, ukigeuza kwa fedha yetu, kinapita shilingi elfu thelathini. Nilishaanza kula mara moja kwa siku.

Jumamosi nikatoka kutafuta kitu cha moto. Kwenye kichochoro karibu na mto Fyris nikasikia harufu ya iliki, nikasimama papo hapo. Nimezaliwa vijiji vya Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki juu ya Muheza, ambako iliki hulimwa chini ya vivuli vya miti mikubwa ya msitu. Harufu yake naijua ikiwa mbichi, ikiwa imeanikwa juani, ikiwa guniani. Hii ilikuwa iliki iliyotwangwa asubuhi ile ile.

Bekari yenyewe ni ndogo, watu wamebanana, miwani yote imeingia ukungu. Unachukua kinamba mlangoni na kusubiri uitwe. Ndani ya kabati la vioo kulikuwa na keki ya kijani iliyovishwa shuka la lozi, vidonge vya chokoleti vilivyoviringishwa kwenye nazi, skonzi za mdalasini, na trei nzima ya skonzi zilizosokotwa fundo, zimejaa punje nyeusi za iliki juu. Kardemummabulle, ndivyo zinavyoitwa. Moja kronor 42. Kahawa 38. Jumla kronor 80, karibu shilingi elfu ishirini, kwa kitafunwa na kikombe! Nikajiambia kwamba harufu ile haipiti bure.

Kadi yangu ya benki ikakataa. Tukajaribu tena, ikakataa tena, ingawa kabla ya kuondoka nyumbani nilikwenda mwenyewe tawini kuomba ifunguliwe kwa matumizi ya nje, nikahakikishiwa kwamba imeshafunguliwa. Nikatoa noti ya kronor 100, ile yenye picha ya Greta Garbo, mwigizaji wao wa filamu wa zamani, niliyoinunua Dar es Salaam kwa bei ya kuumiza. Binti wa kaunta akatikisa kichwa: hawapokei noti. Fedha halali ya nchi yao, iko mkononi mwangu, na hainunui skonzi! Nyuma yangu foleni imefika mlangoni. Uso ulinichoma kwa aibu na hasira, na skonzi yangu ikawa inarudishwa kwenye trei.

Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akanyoosha kadi yake juu ya bega langu, mashine ikalia, kwisha. Nikampa ile noti. Akaikataa. Nikamwambia, "Mzee wangu, kwetu mgeni hukirimiwa, lakini wewe hunijui, naomba upokee." Akaichukua, akanirudishia sarafu mbili za kumi, tukakaa meza moja.

Nikauma.

Sijui nianzie wapi. Unga wake laini, una siagi ya kutosha, ukingo umekauka kidogo na sukari iliyoyeyuka na kuganda. Kisha punje za iliki zinapasuka menoni. Hawazisagi zikawa vumbi, wanaziponda tu zibaki chengachenga, wanazikanda ndani ya unga, wanazipaka na siagi kabla ya kusokota, halafu wanazinyunyiza tena juu. Kwetu maandazi ya iliki yana dalili ya iliki. Unaitafuta kwa ulimi. Huku inakujia yenyewe.

Mzee alikuwa anakula semla, skonzi yao ya kabla ya Kwaresima, iliyofukuliwa katikati ikajazwa lozi zilizosagwa na krimu, ikarudishiwa kifuniko chake. Akanikatia kipande. Hata ile ndani ya unga wake ina iliki. Akanisimulia habari za mfalme wao Adolf Fredrik, aliyefariki Februari 1771 usiku wa mlo mkubwa uliomalizikia kwa skonzi za aina hiyo ndani ya maziwa ya moto. Alinisimulia huku anajiongezea kikombe. Kumbe kikombe cha pili hakilipiwi, na hapo roho yangu ikatulia juu ya ile bei.

Foleni ilipopungua nilimwomba binti aniitie mwokaji. Akatoka mama wa makamo, unga hadi viwikoni, nikamwuliza iliki wanaitoa wapi. Akanileta chupa kubwa ya punje zilizokwisha menywa, nyeusi, zenye mafuta. Anaponda za siku hiyo tu, akasema, kwa sababu ikilala imekufa. Gunia linatoka Guatemala. Nikamwambia mimi ni mtoto wa wakulima wa iliki, Tanzania. Akashangaa kweli. Tanzania anaijua kwa karafuu za Zanzibar na kwa Kilimanjaro. Milima ya Usambara Mashariki hajapata kuisikia. Akavuta kiti, akaniuliza mmea unafananaje.

Nikamweleza kwamba matunda hayaoti juu, yanatoka kwenye vikonyo chini kabisa, karibu na udongo, kwa hiyo mvunaji huinama siku nzima. Kwamba mche unangojewa kama miaka mitatu. Kwamba bibi yangu alivuna hivyo mpaka mgongo wake haukunyooka tena. Kwamba wizi wa shambani unawalazimisha watu kuvuna kabla haijakomaa, mfanyabiashara akija anasema haijakomaa, anapanga bei anayoitaka. Tangu Hifadhi ya Amani itangazwe 1997 watu wanajua kwamba msitu hauwezi kuendelea kufyekwa, nami nakubaliana na hilo. Lakini mkulima aliyebakiwa na kishamba chake kile kile, iliki yake ingepaswa kumlipa zaidi, siyo pungufu.

Wakati namweleza nilikumbuka kitu ambacho sikuwahi kukifikiria nikiwa nyumbani. Iliki nzuri kwetu hatuli. Iliyojaa na yenye rangi yote ilikwenda guniani kwa mnunuzi. Kinu cha bibi kilipata zilizopasuka na zilizobabuka. Ndiyo maana maandazi yetu yana dalili tu. Nimekulia katikati ya mashamba ya iliki, na skonzi yenye iliki ya kutosha nimeilia Uppsala, kwa kadi ya mzee nisiyemjua.

Mwokaji akaniuliza kama anaweza kupata kidogo ya Amani aijaribu, iliyokomaa, isiyochanganywa. Jioni ile ile nikampigia mjomba. Kwanza alitaka kujua watu wa huko wanainunua shilingi ngapi kilo. Nikamwambia asubiri, kwanza achague. Avune ikiwa imejaa, aanike kivulini ibaki kijani, na mnunuzi asiione. Tukakubaliana kilo moja, na gharama ya kuituma nitalipa mimi.