Lori la ami na karatasi ya kwa sheha

Kwetu Pemba gari ikigonga, wazee hukutana kabla ya polisi hawajamaliza kupima barabara. Sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, huitwa, watu hukaa barazani, hupatikana mmoja mwenye hati nzuri, na kabla ya isha jambo limeshaandikwa na kupigwa muhuri. Sisemi ni vibaya. Ugomvi mwingi umezimwa hivyo. Lakini lori la biashara likigonga, karatasi ile inaweza kuleta hasara kubwa kuliko ajali yenyewe, kwa mwenye gari na kwa aliyegongwa pia.

Mie ndiye ninayemshikia ami yangu vitabu vya hesabu. Ana Fuso mbili. Zinachukua saruji, mabati na vyakula bandarini Mkoani kupeleka Chake na Wete, na msimu wa karafuu zinabeba magunia. Mwaka jana moja ilitoka Mkoani na mifuko 180 ya saruji, ikakosa breki kwenye mteremko kabla ya kufika Mtambile. Anayeijua njia ile anajua milima ya kwetu haikupi nafasi ya kufikiri mara mbili. Dereva aliitoa barabarani ili asiwaingie watu waliokuwa dukani, ikabomoa ukuta wa nyumba na kumbana kijana aliyekuwa akisukuma baskeli. Mguu wake ukavunjika. Utingo, ambaye alikuwa amekaa juu ya mzigo kama walivyozoea, aliruka akateguka bega. Saruji iliyomwagika ikapata mvua. Hakufa mtu, alhamdulillahi.

Kijana alichukuliwa Hospitali ya Abdalla Mzee, na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ilipatikana siku ileile kwa sababu dereva alikwenda mwenyewe kituoni. Hilo lilitusaidia sana. Bila PF3 kila daktari anakuuliza, na bima ndiyo hawakusikilizi kabisa.

Usiku tukaitwa kwa sheha. Alikuwapo baba wa kijana, mwenye nyumba, ami, na wazee wengine wawili watatu ambao sikujua wamekuja kwa lipi. Karatasi ilikuwa tayari. Ami anakiri kwamba gari yake ndiyo yenye makosa, atagharamia matibabu yote na kuujenga ukuta, na upande wa pili umeridhika na hautadai tena kitu chochote. Ami alishatoa kalamu mfukoni.

Nikamwambia, "Ami, hii usiitie saini."

Alinitazama kama nimemtukana mbele za watu. "Wataka niwakimbie? Mtoto wa watu kavunjika mguu, mie nikae kimya?"

Ndipo nilipowaeleza wote, na nilijitahidi nieleze kwa pande zote mbili. Kwenye mkataba wa bima ya gari, ule wa maandishi madogo unaopewa pamoja na stika, kuna sharti ambalo kampuni karibu zote huliweka: mwenye gari asikiri kosa, asiahidi malipo na asipatane na mtu bila ya kampuni kukubali. Ukishakiri kwa maandishi yenye muhuri wa shehia, umewapa sababu ya kukwambia kwamba deni hilo umejifunga nalo mwenyewe, basi ulilipe mwenyewe. Na ami hana fedha za kulipa mguu wa mtu wa miaka 19 ambao hatujui utapona vipi. Nikamgeukia baba wa kijana: na wewe mzee, ukisaini kwamba umeridhika, ikiwa mwanao atahitaji upasuaji wa pili mwakani, utamdai nani? Hujui leo mguu ule utagharimu kiasi gani. Hata daktari hajui.

Mzee yule akasema, "Ala, kumbe karatasi hii yanifunga na mie." Hapo mambo yakalainika.

Hatukuondoka bila maandishi, maana kwetu kikao kisicho na karatasi watu hawakihesabu. Tuliandika nyingine: siku na saa ya ajali, namba ya gari, walioumia, kilichobomoka, na kwamba mwenye gari ametoa fedha kadhaa za nauli na chakula cha mgonjwa kwa ubinadamu, bila ya kukiri kosa na bila ya kuzuia madai ya yeyote. Sheha akapiga muhuri. Ami akaenda kumkagua mgonjwa kesho yake na matunda na maziwa, na akaendelea kwenda. Hakuna mkataba wa bima unaokukataza kumpa mtu pole. Watu wanachanganya mambo haya mawili, na wengine, wakishasikia habari ya kutokukiri, wanageuka mawe, hata salamu hawapeleki. Huko ndiko chuki inakoanzia, na mtu mwenye chuki hapatani tena kwa bei ya haki.

Sasa, nani anabeba lawama? Barazani walikuwa wanasema dereva. Dereva ana kesi yake, ya barabarani, hiyo ni baina yake na polisi na mahakama. Fidia ni jambo jingine. Dereva akiwa kazini kwa tajiri, kosa lake kazini linamfuata tajiri, na nyuma ya tajiri ndipo inaposimama bima. Kwa hiyo dereva asikimbilie kukubali kila shitaka ili alipe faini arudi nyumbani, kama tunavyoshauriana vibarazani. Kukubali kule kunaandikwa, na kunakuja kusomwa kwenye madai. Breki zetu zilikuwa na risiti ya fundi ya mwezi ule. Ilibidi mkaguzi wa magari wa polisi aitazame gari na kujaza PF93, fomu ya ukaguzi wa gari, kabla mtu hajaigusa, na mie nililazimika kugombana na fundi wetu aliyekuja na spana zake asubuhi na mapema akitaka kuanza kazi. Gari ikishafunguliwa, nani ataamini kwamba breki ilikatika yenyewe?

Ami alikuwa na bima ndogo tu. Kwa miaka yote alisema bima ina shaka katika dini, basi ananunua ile ya lazima ili trafiki wasimsumbue. (Siku hizi takaful, bima ya kufuata sheria za Kiislamu, ipo, kwa hiyo hoja hiyo nimeshamnyang'anya, sasa amehamia kwenye bei.) Bima ndogo inalipa madhara ya watu wengine: mguu wa kijana, baskeli yake, ukuta. Fuso yenyewe hailipi. Saruji hailipi, kwa sababu mzigo unataka bima yake mbali. Na utingo hailipi kama inavyomlipa mpita njia, kwa sababu yeye ni mfanyakazi. Fidia yake iko kwenye sheria ya fidia kwa wafanyakazi, na mlango wa kwanza wa kugonga ni wa mwajiri. Ami alidhani stika moja inawafunika wote. Nadhani wenye malori wengi wanadhani hivyo. Tunawatoza wageni wanaoingia Zanzibar dola 44 za bima ya lazima tangu Oktoba 2024, wakiumia wawe na pa kukimbilia, na sisi wenyewe tunapandisha vijana juu ya tani tisa za saruji hatujui nani atawalipa.

Hizo tani tisa ndizo zilizotuchelewesha. Mifuko 180 ya kilo 50, piga hesabu, na gari imeandikwa tani saba. Kampuni ikauliza: leseni ya dereva ni ya gari nzito? Ndiyo. Imeisha muda? Hapana. Mzigo ulikuwa kiasi gani? Hapo ikabidi tuwape hati ya bandarini, maana kuificha kungekuwa kubaya zaidi. Baada ya hapo kimya. Kila nikipiga simu naambiwa faili liko Unguja. Nikaandika barua, nikaeleza kwamba uzito ukizidi ni shauri lao na ami, lakini aliyegongwa hakupakia saruji, na nakala nikaipeleka TIRA, ambao ndio wasimamizi wa bima Bara na Visiwani. Kama wasingejibu, nilikuwa nimeshajitayarisha kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009. Haikufika huko. Mthamini alikuja, akapima ukuta, akapiga picha, akaomba risiti za hospitali.

Risiti ndizo zilizomuumiza kijana. Baada ya wiki chache hospitali, nyumbani kwao waliamua kumpeleka kwa fundi wa kuunga mifupa. Siwalaumu, na fundi yule ana sifa. Lakini haandiki risiti, na hakuna kampuni itakayolipa kwa sifa. Nilimwomba baba yake angalau arudi kliniki kila alipopangiwa tarehe, ili daktari aandike mguu ulivyo. Alirudi. Ripoti ya mwisho ya daktari, iliyosema mguu mmoja umepungua urefu kidogo, ndiyo iliyopandisha fidia. Fedha zililipwa kwa jina la kijana mwenyewe, si kwa jina la ami, na hivyo ndivyo nilivyotaka.

Ukuta umelipwa. Dereva alipigwa faini, yuko kazini. Utingo ami amemlipa matibabu na mishahara ya muda aliokaa nyumbani, na hakai tena juu ya mzigo, anakaa mbele na dereva. Mwenye saruji hajamaliziwa. Alitaka fedha taslimu, ami hana, wakakubaliana tumchukulie mizigo yake bila nauli mpaka deni liishe. Naandika kila safari kwenye daftari lenye saini zao wawili, na kwa hesabu ya jana bado anatudai.

Bima ya mzigo tumeomba bei. Ami anasema ni ghali. Nimemwekea ile karatasi ya bei juu ya daftari la mwenye saruji, aziangalie pamoja.