Usiku wa Giza Ufukweni Kibirizi

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika huvua kwa taa, na ndiyo maana mbalamwezi ikiwa kali huanika nyavu zao na kupumzika, kwani mwanga wa mwezi huifanya taa ikose nguvu ya kuwakusanya samaki. Sisi wachache wenye darubini hapa Kigoma tunafuata kalenda hiyohiyo. Mwezi Julai, tulipowaalika watu waje kutazama nyota karibu na Kibirizi, tulisema tu kwamba tutakutana giza likiingia, na kila mmoja akaelewa.

Jua la Kigoma huzama takriban dakika 40 baada ya la Dar es Salaam, hivyo ilifika saa mbili na robo usiku ndipo wekundu ulipokwisha juu ya milima ya Kongo. Tuliwaomba watu wazime simu, na tochi yetu tukaifunga kitambaa chekundu, kwa kuwa jicho huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza, na mwanga mweupe wa mara moja tu huiharibu subira yote hiyo. Taa za wavuvi zilikuwa mbali mno kutudhuru, nami sikutamani zizimwe.

Darubini yetu kubwa ina kioo chenye kipenyo cha milimita 150, kilichokaa juu ya kitako cha mbao. Mboni ya jicho hupanuka gizani hadi milimita 7 hivi, kwa hiyo kioo hicho hukusanya mwanga zaidi ya mara 450 kuliko jicho. Hesabu hiyo nilikuwa nimewaandalia wanafunzi, lakini wa kwanza kufika alikuwa mzee aliyestaafu uvuvi.

Nilimwamkia, "Shikamoo babu," nikamwelekezea Rijili Kantori, nyota angavu iliyo jirani na Msalaba wa Kusini. Akaniambia kwamba anaijua tangu ujana: upepo ulipowarudisha mapema, aliiweka upande wa bega la kulia akapiga kasia hadi nyumbani. Kisha akainama kwenye darubini, akakaa kimya kwa muda mrefu.

"Mwanangu, mbona ziko mbili?"

Nikamweleza kwamba ni majua mawili yanayozungukana kwa takriban miaka 80, na kwamba mwanga wake husafiri zaidi ya miaka minne kabla ya kutufikia.

"Basi tangu nizaliwe zimezungukana karibu mara moja," akasema.

Baadaye tuligeukia Omega Centauri, ambayo kwa macho matupu huonekana kama nyota yenye ukungu, kumbe ni mkusanyiko wa nyota zipatazo milioni 10, umbali wa miaka ya nuru 17,000 hivi. Mama mmoja anayeanika dagaa alisema ni dagaa waliozingira taa, na tangu hapo sijapata maelezo yaliyo bora kuliko hayo. Nasikitika kwamba foleni ilitulazimisha kumpa kila mtu dakika moja tu, maana kitu hicho humfungukia anayekitazama polepole.

Mzee alipoaga aliuliza kama Kilimia, kile kishada cha nyota, nacho huonekana kwenye chombo hicho. Nilimjibu kuwa huonekana, ila kwa majira haya huchomoza usiku wa manane, upande wa nchi kavu. Tumekubaliana kwamba giza la Agosti tutakesha pamoja ufukweni hadi mitumbwi irudi alfajiri, na kwamba yeye ndiye atakayetangulia kutazama.