Miezi 8 ya dawa ya matone

Leo nimeletewa fomu ya kuniuliza kama nimeridhika na huduma ya kliniki. Nafasi ya maoni ni mistari miwili. Yangu hayaenei humo, kwa hiyo nayaandika hapa kwa ajili yenu mlioko huku ughaibuni na mnaojiandaa kuja.

Ilianza mwezi wa 3, sikio la kulia likiwasha ndani kwa ndani, kisha likaanza kutoa majimaji. Daktari akachungulia, akasema ni maambukizi, akanipa matone. Nikarudi, matone mengine. Mara ya tatu nikaambiwa niache kuchokonoa kwa pamba, na mimi nilishaacha kitambo. Mara ya nne nikakuta daktari mwingine, akaanza upya kana kwamba sijawahi kukanyaga pale. Asubuhi foronya ilikuwa na doa la njano, na katikati ya doa, alama ya damu. Maumivu yakawa yananiamsha usiku wa manane. Mama akipiga simu nilipokea kwa sikio la kushoto, wala sikumwambia kwa nini.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba nilinyamaza. Mgeni akiulizwa hali husema nzuri. Lugha ya kuazima, foleni mgongoni, zamu kazini inakusubiri. Nilisema "linauma kidogo" kwa kuwa sikujua kusema kwa lugha yao kwamba linachimba hadi mfupani.

Mwezi wa 11 ndipo nikafika kwa dada mmoja, daktari wa masikio, pua na koo. Akanilaza chini ya darubini, akafyonza uchafu taratibu, kisha akatulia. Akanigeuzia skrini: kinyama chekundu kimeota ukutani mwa njia ya sikio. "Sikupi matone," akasema. "Nakata kipande leo hii kikapimwe." Akanichoma ganzi, akaingiza kikoleo chembamba, nikasikia mkwaruzo kama uko katikati ya kichwa. Kipande kidogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga kikatumbukia kichupani. Kabla ya kubandika lebo akaniomba nimtajie jina langu herufi kwa herufi, asilikosee. Machozi yalinitoka hapo, si kwenye sindano.

Majibu yakasema saratani ya seli bapa za ngozi, ndani ya njia ya sikio. Ni nadra mno, takriban mtu 1 kwa kila watu milioni 1 kwa mwaka, na daktari wa kawaida anaweza kustaafu asiikute. Kwa hilo simlaumu mtu. Mwanzoni inafanana kabisa na maambukizi ya kawaida: majimaji, muwasho, sikio kuziba. Ninacholaumu ni kurudia dawa ileile kwa sikio lisilopona. Majimaji yakiwa na damu, maumivu yakizidi kinachoonekana, kinyama kikiota, au dawa ikishindwa, kipande kikatwe kikapimwe. Kupima usaha peke yake hakutoshi. Picha ya CT inaonyesha mfupa ulivyoliwa, picha ya MRI inaonyesha nyama laini, lakini jina la ugonjwa linatoka kwenye kipande.

Na miezi ina maana. Njia yote ya sikio ni kama sentimita 2.5, na huko ndani ngozi ni nyembamba, imelala juu ya mfupa. Neva inayoendesha uso inapita jirani. Uso ukianza kulegea upande mmoja, ugonjwa umeshapiga hatua kubwa.

Mimi nilikutwa daraja la 2, mfupa umeanza kuliwa kidogo. Hawakukwangua. Waliondoa njia ya sikio nzima kwa pamoja na mfupa unaoizunguka, ngoma ya sikio, na vimifupa viwili vya ndani yake, nyundo na fuawe, wakachukua na sehemu ya tezi ya mate iliyo mbele ya sikio. Kisha mionzi mara 30, siku 5 kwa wiki. Neva ya uso waliilinda, natabasamu pande zote mbili. Na kwa kuwa sikio la ndani ni zima, kuna kifaa kinachofungwa kwenye mfupa nyuma ya sikio kinachonipitishia sauti kwa mtetemo. Watu hawa wakiamua kukutibu, wanakutibu kwelikweli, siwezi kuwadhulumu sifa hiyo.

Wadogo zangu mnaokuja, maneno ya kuomba kazi mtayajua tu. Jifunzeni na ya maumivu: linachimba, linaniamsha usiku, linatoa damu. Ombeni mkalimani. Andikeni tarehe ya kila dawa mliyopewa, maana daktari hubadilika. Na ulizeni waziwazi: mbona hatujapima kipande? Nilidhani ni utovu wa adabu kumuuliza daktari hivyo. Yule dada aliniambia angefurahi sana kama ningeuliza mwezi wa 5.

Fomu nimeijaza. Kwenye ile mistari miwili nimeandika tarehe ya matone ya kwanza, na chini yake tarehe aliyokata kile kipande.