Mama wa shaba niliyemkuta Olympia

Huku Athens natimiza mwaka wa sita, namtunza mama mmoja mzee wa Kigiriki, na wenyewe bibi wanamwita yaya, kwa hiyo mimi ni yaya wake na yeye ni yaya wangu, tumeshazoeana. Mwaka juzi alivunjika nyonga. Alivyoanza kutembea tena akanituma kwenye kaduka ka jirani na kanisa nikamnunulie tama. Tama ni kibati chembamba kama kifuniko cha kopo, kimegongwa mpaka umbo likatokeza, chake kilikuwa cha mguu, vingine vina macho, moyo, mtoto mchanga, unakifunga utepe unakitundika kwenye picha ya Mama Maria, umeshatimiza nadhiri yako. Nikamwambia yaya hata kwetu Tanga nadhiri zipo, ila mama yangu alikuwa anapeleka kuku kanisani, ibada ikiisha kuku ananadiwa hela inaingia kanisani.

Sasa mwezi uliopita nikapata siku mbili za kupumzika nikapanda basi hadi Olympia, hiyohiyo ya michezo ya Olimpiki, zamani palikuwa patakatifu pa Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, watu wakimpelekea nadhiri zao. Wenzangu kwenye basi walikimbilia uwanja wa mbio, mi nikaingia makumbusho nikatoka jioni. Jamani zile nadhiri! Vifarasi vya shaba, vingine havizidi urefu wa kidole, vya karne ya 8 KK huko, kiuno chembamba shingo nene, vimejaa makabatini. Si shaba tupu, ni bronzi, yaani shaba imechanganywa na bati, fundi anafinyanga farasi wa nta, anamzungushia udongo, akiuchoma nta inayeyuka inatoka, anamimina shaba ya moto pale nta ilipokuwa. Na kazi ilifanyika palepale, maana wamechimbua mpaka mabaki ya shaba iliyoharibika wakati wa kumimina. Mwenye uwezo yeye alitoa chungu kikubwa cha shaba cha miguu mitatu, miguu yenyewe imepambwa mistari ya kupindapinda na viduara, nikawa naifuata kwa macho kuanzia juu mpaka chini. Ipo pia kofia ya vita ya Miltiades, yule jemadari wa Athens aliyepigana na Waajemi kwenye vita vya Marathon mwaka 490 KK, imeliwa na kutu lakini pembeni chini herufi bado zipo, Miltiades kamtolea Zeus, basi, hakuongeza sifa yoyote.

Nilijiuliza vimeponaje, maana shaba ya zamani nyingi iliyeyushwa ikatengenezwa vitu vingine. Kumbe ukishamtolea mungu ni chake, hakinadiwi kama kuku wa mama, hakirudi nyumbani, pakijaa wanavifukia humohumo ndani ya eneo takatifu, vingine vimekutwa ndani ya visima vya zamani. Wajerumani wameanza kuchimba kwa mpango tangu 1875 na bado vinatoka.

Ila kilichonisimamisha ni bamba moja la bronzi, limefuliwa kwa nyundo kama tama ya yaya, lina miaka kama 2,600. Ni yule mnyama wa hadithi zao, kichwa cha tai, mwili wa simba, mabawa. Mnyama wa kutisha, kwingine mle ndani vichwa vyake vimewekwa kwenye vyungu vimeachama mdomo. Huyu sasa ni mama, kitoto chake kimejipenyeza chini ya tumbo kinanyonya. Fundi angeweza kumchora anararua mtu asingeshangaa yeyote, yeye akamchora ananyonyesha. Mwanangu nimemuacha kwa bibi yake ana miaka mitatu, sasa hivi ana tisa, nilisimama pale mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko sawa.

Jumatatu nikapita kwenye kale kaduka nikachukua kibati cha mtoto. Muuzaji akaniuliza ni cha kuomba au cha kushukuru. Nikamwambia vyote viwili.