Kidhibiti chaji cha sola kinachosahau mipangilio: tulivyosoma fyuzi za ATmega328P

Bodi za kidhibiti hiki zilizotoka Gulu na Soroti, Uganda, zilikuwa na ugonjwa mmoja: betri ikishuka usiku, asubuhi mipangilio iliyohifadhiwa kwenye EEPROM (kumbukumbu ya chipu isiyofutika umeme ukikatika) imeharibika. Kabla ya kulaumu programu, soma fyuzi, yaani biti za mipangilio ndani ya ATmega328P, chipu inayoendesha bodi (si fyuzi za umeme). Unganisha USBasp (kifaa cha USB cha kusoma na kuandika chipu) kwenye pini za MOSI, MISO, SCK, RESET, umeme na graundi, kisha kwenye kompyuta andika amri hii ya programu ya avrdude:

avrdude -c usbasp -p m328p -B 10 -U lfuse:r:-:h -U hfuse:r:-:h -U efuse:r:-:h

Hiyo -B 10 isiachwe. Chipu mpya hukimbia 1 MHz, na SCK (saa ya mawasiliano) lazima iwe chini ya robo ya hapo, la sivyo chipu haijibu.

Jibu la efuse (baiti ya fyuzi yenye kinga ya volti ndogo) lilikuwa 0xFF, yaani biti zote ni 1. Kumbuka hesabu imegeuzwa: biti yenye thamani 0 ndiyo fyuzi iliyowashwa. Kwa hiyo kinga ya volti ndogo ilikuwa imezimwa, na chipu ikiendelea kufanya kazi umeme ukiwa hafifu hutekeleza amri vibaya, hata kuandika EEPROM ovyo.

Wengi huweka 0xFD, yaani volti 2.7. Kwa kristali (chanzo cha saa ya chipu) ya 16 MHz haitoshi, maana chipu inahitaji takriban 3.8. Tuliweka volti 4.3:

avrdude -c usbasp -p m328p -B 10 -U efuse:w:0xFC:m

Avrdude ya zamani ikisoma 0x04, usishtuke. Ni biti tatu za mwisho tu zinazotumika. Usiguse lfuse (fyuzi zinazochagua chanzo cha saa) bila sababu: ukichagua kristali ambayo haipo, chipu itanyamaza mpaka uipe mapigo ya saa kutoka nje kwenye pini ya XTAL1.