Na rangi yaliwa?

Maneno matatu tu, na tangu Jumapili hayajanitoka.

Ami alikuwa amesimama bandani nyuma ya nyumba, kikoi amekipandisha, kikombe cha kahawa tungu mkononi. Nilikuwa nimemwonyesha kware wangu, tundu moja baada ya jingine: wale wa rangi ya asili ambao wafugaji huwaita Pharaoh, Tibetan waliokolea hadi kukaribia weusi, weupe wawili, na mwisho lile dume langu jekundu, rangi waiitayo Roux, nililolitafuta mpaka Baba Swaleh akachoka kulisikia. Ami akatazama. Akanywa funda. "Na rangi yaliwa?"

Nikacheka, kama mtu anavyocheka na mkubwa wake, nikamkaribisha ndani, mahamri yasipoe.

Wiki yenyewe haikuwa na nafasi ya mambo haya. Mwanakhamis amejifungua, alhamdulillahi, wote wazima. Kazini wamenirudisha zamu ya usiku. Swaleh amepasua kioo cha jirani. Nami niko kwenye matatu ya Mtwapa namjibu Ami kimoyomoyo, na kila nikifika kituoni jibu limerefuka.

Jibu lenyewe ni hili. Kwa kware, kama kwa kuku, dume ana kromosomu mbili za jinsia ziitwazo Z na jike ana moja tu, nayo huipata kwa babake. Wekundu wa dume langu umekaa kwenye Z hiyo, na hujificha panapokuwa na rangi ya asili. Kwa hiyo nikimpa majike ya Pharaoh, mabinti wote watoka wekundu kama baba na wana wa kiume wote watoka na michirizi ya mama. Kifaranga hajakauka maji ya yai, mimi nishajua nani atataga na nani ataingia sufuriani. Ukigeuza mambo, jike mwekundu kwa dume wa asili, wote watoka wa asili na hujajua kitu. Ni upande mmoja tu, na ndiyo sababu nililitaka dume.

Wengine wote ni kungoja. Pharaoh wakutaka wiki tatu hivi, kifua cha dume kigeuke rangi ya kutu na cha jike kitoke madoadoa. Tibetan na weupe ndio balaa: kifua hakisemi chochote, wangoja mpaka wiki ya sita au ya saba, umminye dume chini ya mkia uone povu. Muda wote huo madume ya ziada yala, na yakishabaleghe yapigana, yadonoana vichwa mpaka damu. Dume mmoja kwa majike manne yatosha. Hao waliobaki ni gharama. Basi ndiyo, Ami, rangi yaliwa. Yaliwa kila mwezi ninapokosa kununua gunia jingine la chakula.

Tamu, sivyo? Ningeyasema hayo Jumapili, Ami angeguna na kuomba sukari.

Mnayajua yake na kware, nilishayaandika. Ule wazimu wa 2013, yai likauzwa kama dawa ya sukari, presha, pumu, na mengine ambayo Ami hakuwa akiyataja mbele yetu. Alikuwa na leseni ya KWS, shirika la wanyamapori, kwenye fremu ukutani, maana kware alihesabiwa mnyamapori. Mwanzoni mwa 2014 soko likaporomoka. Ramadhani ya mwaka ule tulifuturu mayai ya kware ya kuchemsha, ya mchuzi, ya kufichwa ndani ya katlesi, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini.

Sasa, jana usiku, katikati ya zamu, nikakumbuka kipande ambacho siku zote hizi nilikuwa nakiruka. Kabla ya kuuliza, Ami aliweka kikombe chini, akafungua tundu, akaingiza mkono. Kware ukimshtua huruka wima kama fataki na kujipasua kichwa. Wageni wangu wote huwarusha. Mkono wa Ami ulipita chini, ubavuni, polepole. Dume halikuruka. Akaligeuza, akaminya kwa kidole gumba, povu likatoka, akajifuta kwenye kikoi. "Huyu yuko tayari," akasema. Kisha ndiyo akauliza.

Nimelisikiliza tena swali kwa sauti hiyo, na si lile nililokuwa nikilijibu kwenye matatu. Mtu aliyewalisha kware wanawe mwezi mzima ana haki ya kuuliza kinacholiwa. Au alinikejeli tu. Ami ni Ami.

Alfajiri nimerudi, nimefika mlangoni nikasikia mashine ya kutotolesha mayai inalia. Vifaranga wa Roux na Pharaoh walikuwa wameanza kutoboa usiku, siku ya kumi na saba, hawakunichelewesha hata kidogo. Nimekaa chini na sare ya kazi bado mwilini, natazama. Wekundu wako wekundu, wenye michirizi wana michirizi, hakuna hata mmoja wa kutilia shaka! Zuhra ameamka, nikampa masanduku mawili na kumwambia, "Wasichana huku, wavulana kule." Hakukosea, na ana miaka sita. Amenisikiliza akiwa na uso wa mtu aliyepewa ofisi.

Dume jingine lazima nilitafute mbali, lisilo na undugu na hili. Kware hawavumilii kuzalishana ndugu kwa ndugu. Vizazi vichache tu, mayai yaanza kulala mashineni bila kitu ndani. Hilo ni la mwezi ujao. Ami akija Ijumaa nitamkabidhi masanduku yote mawili, nisiseme neno, nione mkono wake utaanzia wapi.

Jambo jingine. Kodi nilimtumia mwenye nyumba mapema mwezi huu. Baadaye ikarudi kwenye simu, yote, bila ujumbe. Nikadhani amebonyeza vibaya, nikatuma tena. Ikarudi tena. Baba Swaleh asema huenda amebadilisha namba, nisijitie presha. Lakini nimempigia kwa namba ile ile: ikaita, kisha ikakatwa.