Magadi kutoka angani

Jumamosi, saa tatu usiku. Umoja.

Githeri iko motoni tangu saa kumi jioni na maharage bado yanagonga meno. Nimeteremka hadi kwa mama mboga wa hapa chini kuomba magadi ya shilingi kumi. Ameinama chini ya meza, akatoa kopo, akachagua kipande cha ukubwa wa kidole gumba na kukifunga kwa gazeti. "Usizidishe, mami," akanionya, "chakula kitanuka sabuni."

Nimerudi jikoni, lakini sijakitumbukiza. Nimekishika karibu na taa nikakitazama kwa muda mrefu. Rangi yake ni nyeupe iliyochoka, kama meno ya mtu mzima. Ukikigeuza upande unaona sindano nyembamba zimesimama wima, zimebanana kama nywele za mswaki. Nimekilamba. Kwanza chumvi, halafu ule ukali unaokausha ulimi na kuubana, ladha niliyokua nayo.

Jina lake la kitaalamu ni trona. Ni kaboneti na bikaboneti ya sodiamu zilizofungamana na maji kidogo. Na mwezi Januari 2025 wanasayansi walitangaza kwamba wameyapata magadi haya haya ndani ya vumbi lililoletwa kutoka Bennu.

Bennu ni asteroidi, mwamba mweusi wenye upana wa nusu kilomita hivi, unaolizunguka Jua peke yake. Wamarekani walirusha chombo cha OSIRIS-REx mwaka wa 2016, kikaugusa mwamba huo Oktoba 2020 na kuchota vumbi, na tarehe 24 Septemba 2023 kapsuli yake ikashuka kwa parachuti katika jangwa la Utah. Mzigo wote ulikuwa gramu 121.6. Dukani mtaani kwetu hiyo haifiki nusu ya robo ya sukari. Miaka saba ya kwenda na kurudi kwa kile ambacho nyumba moja hukoroga kwenye chai asubuhi mbili. Lakini ndani ya hicho kidogo walikuta asidi amino 14 kati ya zile 20 ambazo uhai wa hapa duniani hutumia kujenga protini. Walikuta zile besi zote tano, yaani herufi za kuandikia DNA na RNA, maelekezo ya uhai. Walikuta pia chumvi za aina mbalimbali, zilizoachwa na maji yaliyokuwa ndani ya mwamba mkubwa zaidi ambao Bennu ni kipande chake. Maji yalikauka polepole, chumvi zikaganda moja baada ya nyingine, na magadi yakawa mojawapo.

Habari hiyo niliisoma kwenye matatu, tumekwama foleni ya Donholm. Nilifika kwenye neno trona nikashindwa kuendelea. Nilitazama nje ya dirisha hadi macho yakakauka.

Mimi nimekulia Magadi, mjini hapo ziwani. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha soda, yaani magadi hayo hayo, miaka ishirini na sita. Usiku wa Februari tulilowesha shuka majini ndipo tukaweza kulala. Mchana ziwa lilikuwa jeupe kiasi cha kuumiza macho, isipokuwa sehemu zile maji yalipokuwa yakikauka, ambapo lilikuwa la waridi, na mahali pengine jekundu kama juisi ya rozela. Wageni wakishuka kwenye gari walifunika pua kwanza. Kisha walikuwa wakisema neno ambalo nililisikia mara nyingi sana utotoni: hapa pamekufa.

Hata mwalimu wetu wa sayansi wa darasa la sita alisema hivyo. Alitufundisha kwamba ndani ya maji yale hakuna kinachoishi, ni chumvi na joto tu. Niliinua mkono nikauliza, "Na ile rangi, mwalimu?" Akajibu kwamba rangi ni ya chumvi, akafuta ubao. Nilimwamini. Nilimwamini kwa zaidi ya miaka kumi, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwa sababu rangi ile ndiyo uhai wenyewe.

Waridi ya Ziwa Magadi ni viumbe. Wengi wao ni wa kundi linaloitwa arkea, wadogo hata hadubini ya shule ingekuonyesha vinukta tu, na wanaishi kwa mabilioni ndani ya maji ambayo yangechubua ngozi yako. Miili yao hutengeneza rangi za jamii ya ile inayoifanya karoti iwe karoti, na rangi hiyo huwakinga na jua kali. Mmoja wao ana jina la kwetu: Natrialba magadii. Nililiona kwa mara ya kwanza chuoni, kwenye kitabu cha maktaba, na nikaliandika kwenye kiganja cha mkono kama mtu anayeandika namba ya simu asiyotaka kuipoteza.

Kuna samaki pia. Desemba iliyopita nilirudi kuwaona. Ukipita Kiserian na kufika Kona Baridi ardhi inakatika mbele yako, unashuka na joto linapanda, unaipita Olorgesailie ambako shoka za mawe za watu wa kale zimelala chini maelfu kwa maelfu, na ziwa linatokea kama karatasi iliyotandazwa. Upande wa kusini kuna chemchemi za moto zinazotiririka kwenye vidimbwi. Nilichutama, nikatia mkono. Maji yalikuwa kama ya kuoga, yenye utelezi wa sabuni kati ya vidole. Na pale pale, mbele ya kivuli changu, samaki wadogo kama kidole cha mwisho walikuwa wakikwangua mwani juu ya mawe, kundi zima, wameshughulika, mikia inatikisika.

Wataalamu humwita Alcolapia grahami. Ni ndugu ya tilapia tunaomkaanga, ila yeye huvumilia maji ya nyuzi 40 na zaidi yenye ukali wa magadi wa pH ya karibu 10. Samaki wengine hutoa uchafu wa mwili kama amonia, inayopenya matamvuani na kwenda zake. Kwenye maji ya magadi amonia haipati njia ya kutoka, ingebaki ndani na kumuua. Kwa hiyo samaki wetu huigeuza kuwa urea, kama ufanyavyo mwili wangu na wako. Niliposoma hilo nilimheshimu samaki yule kuliko wanyama wote wa mbugani.

Wazee wa kiwandani nao walikuwa na hadithi yao ya mwaka wa 1962, heroe walipokuja kutaga Magadi kwa wingi usio na kifani. Vifaranga walipotembea kwenye maji mazito, soda iliwaganda miguuni ikawa bangili nzito, wakashindwa kwenda. Watu waliingia ziwani na kuzivunja bangili hizo, kifaranga mmoja mmoja, maelfu yao. Baba alikuwa mtoto wakati huo na hakuwa Magadi, lakini alitusimulia kana kwamba alikuwepo, akiuonyesha mguu wake mwenyewe.

Nimekitumbukiza kile kijiwe hatimaye. Povu limepanda, nikapunguza moto. Nadhani ninaelewa kinachotokea ndani ya sufuria hii kuliko nilivyoelewa mama akipika. Maharage ya zamani huwa sugu kwa sababu kalisiamu inazishikanisha kuta za seli kama simiti katikati ya matofali. Magadi yakiyeyuka, kaboneti inaikamata kalisiamu na kuiweka pembeni, na kuta zinaachiana. Ndipo harage linapopondeka.

Sasa, kalisiamu hiyo hiyo ni kikwazo kwa wanaojiuliza uhai ulianzaje. Uhai hauwezi bila fosfeti. Ni sehemu ya uti wa mgongo wa DNA. Lakini kwenye maji ya kawaida kalisiamu hushikana na fosfeti, zikawa jiwe na kuzama, na hakuna kinachoweza kuitumia tena. Ziwa lenye magadi ni tofauti. Kalisiamu imeshakamatwa, fosfeti inabaki huru majini. Mwaka wa 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walieleza kwamba huenda maziwa ya namna hii ndiyo yaliyoipa dunia changa fosfeti ya kuanzia, na kati ya maziwa waliyoyatolea mfano mojawapo ni letu. Lile lililokufa.

Halafu kuna Enceladus. Huo ni mwezi mmoja wa sayari ya Zohali, mdogo, upana wake kama kilomita 500, yaani kama barabara ya kutoka hapa Nairobi hadi Mombasa. Juu ni barafu tupu nyeupe. Mwaka wa 2005 chombo cha Cassini kiligundua kwamba kwenye nyufa za ncha yake ya kusini mvuke na chembe za barafu zinafyatuka hadi angani, kama chemchemi. Chini ya barafu kuna bahari. Cassini ilipita katikati ya mafyatuko hayo mara kadhaa na kuzionja chembe zake, na hesabu zilipofanywa wakakuta chumvi ya kawaida pamoja na kaboneti za sodiamu. Mwaka wa 2023 watafiti wakatangaza kwamba data za chombo hicho hicho zinaonyesha pia fosfeti, nyingi kuliko iliyomo kwenye bahari zetu. Kwa lugha ya nyumbani: kule chini ya barafu kuna bahari ya magadi.

Cassini yenyewe haipo tena. Tarehe 15 Septemba 2017, mafuta yakiwa yanaelekea kwisha, waliielekeza itumbukie Zohali ikaungua, ili isije siku moja ikaangukia Enceladus na kuupelekea vijidudu vya kwetu. Nalipenda jambo hilo. Ni adabu ya mgeni anayevua viatu mlangoni kabla hajajua kama ndani kuna mtu.

Na kwamba kuna mtu, au kijidudu, hakuna anayejua. Naliandika wazi kwa sababu nimechoka na namna habari hizi zinavyotangazwa. Aprili 2025 timu ya Cambridge ilisema imeona dalili za gesi ambayo hapa duniani hutolewa hasa na viumbe vya baharini, katika anga ya sayari K2-18b iliyo umbali wa miaka ya nuru 124. Kwa siku mbili simu yangu ilijaa vichwa vya habari kwamba uhai umepatikana. Wataalamu wengine walipozipitia data wakasema dalili hizo hazitoshi, na hapo vichwa vya habari vikanyamaza. Nami naona wale wa pili walifanya kazi kubwa sawa na wa kwanza. Anayesema "subiri kwanza" anastahili kusikilizwa hata kama hana habari ya kurusha.

Hata asidi amino za Bennu zinasema subiri. Molekuli hizi huja kwa sura mbili, ya kushoto na ya kulia, kama kandambili. Uhai wa hapa duniani hujenga protini zake kwa zile za kushoto. Ukiingia Gikomba ukakuta muuzaji ana rundo la kandambili za kushoto tupu, utajua kuna mtu amezichagua. Za Bennu zilikuwa za kushoto na za kulia, karibu nusu kwa nusu. Hakuna aliyechagua. Unga upo, maji yalikuwepo, magadi yapo, na mpishi hakuja.

Ninalowaza tangu siku ile ya Donholm ni hili. Watu wenye vyombo vya mabilioni wanatafuta mahali panapofanana na nyumbani kwetu. Wakikuta chumvi nyeupe, maji makali na joto, moyo unawadunda. Sisi tuliokua hapo tulifundishwa kupaonea haya. Natamani mtoto wa Magadi aliye darasa la sita leo aambiwe rangi ile ni nini. Natamani utakapofunguliwa mkebe wa kwanza wa barafu ya Enceladus, akiwa bado hai kuuona, awe miongoni mwa wanaouinamia, kwa sababu atakuwa ameshaijua harufu.

Nimepanda juu ya nyumba kidogo, githeri ikiendelea. Anga la Umoja limefunikwa na mwanga wa taa na vumbi, nyota zinahesabika. Zohali inaonekana, nukta ya manjano isiyometameta. Enceladus siwezi kuuona kwa macho, lakini nimetazama upande huo.

Kisha nimempigia Baba. Alistaafu siku nyingi, anaishi Machakos, na sikio moja halisikii vizuri kwa sababu ya mashine.

"Baba, wamepata magadi kwenye jiwe la angani."

"Magadi gani?"

"Haya haya ya ziwani. Trona. Wameyaleta kwa kapsuli."

Akanyamaza. Nilisikia redio yake ikizungumza nyuma, kisha akaipunguza sauti.

"Yalikuwa meupe ama mekundu?"

Nikamwambia ni madogo mno, yameonekana kwa hadubini, na sijasoma popote wakisema ni mekundu.

"Basi bado," akasema. "Waambie waendelee kuangalia." Halafu akauliza nimekula nini, nikamwambia githeri, na akataka kujua maharage nimeyanunua wapi.